Mwaka Nilipolala Chumba cha Sabuni

Kulikuwa na hema mbili uani kwa Senge siku ya maombi, na sikujua niingie ipi. Ya kwanza, karibu na mlango wa nyumba, ilikuwa ya wafiwa, na viti vyake vilifungwa vitambaa vyeupe. Ya pili, upande wa lango, ilikuwa ya wageni: majirani wa Noonkopir, watu wa kanisa, wateja wa sabuni. Mwili wa Senge ungesafirishwa Bungoma asubuhi iliyofuata. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonyoa ndevu, nina darasa zima la watoto wa watu wanaoniita mwalimu, lakini nilisimama katikati ya jua la Kitengela na kibeti changu nisijue pa kukaa. Kijana aliyekuwa akipanga watu akanijia kwa adabu. "Anti, wewe ni wa familia ama?" Nikamwambia natafuta choo. Ule ulikuwa uongo, lakini ukweli ulikuwa mrefu na yeye alikuwa na haraka, na isitoshe, swali lake ndilo lile lile nililojiuliza mwaka mzima nilipoishi katika boma lile, mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ukame, nikaondoka bila jibu.

Jinsi nilivyofika kwake sitaeleza. Nyumbani kulikuwa na mambo yake, na wengi walioyajua wamezikwa nayo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaletwa Kitengela na begi moja, nikaambiwa, "Huyu utamwita Senge." Kwetu Bukusu, senge ni dada ya baba. Nilijaribu kuhesabu dada za baba nikakosa mahali pa kumweka. Alikuwa mwanamke mrefu, nesi aliyestaafu mapema, mwenye sauti ya kuamrisha wodi. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Umekuja. Sawa. Unajua kukamua?" Nikasema najua kukamua ng'ombe. "Mbuzi ana chuchu mbili tu," akasema, "kwa hivyo umeshajua nusu." Huko ndiko kukaribishwa kwangu, na mpaka leo sijui kama ni maneno ya kumpokea mtoto au ya kumwandika mtu kazi.

Nyumba ilikuwa ya mawe, haijapigwa lipu upande wa nyuma. Nanjala, binti ya Senge, alikuwa chuo kikuu, na chumba chake kilifungwa kwa ufunguo. Simiyu, kaka yake, alifanya kazi Mombasa, na chake kilijaa magunia ya chakula cha mbuzi. Mimi nilipewa chumba kilichopakana na jikoni, ambacho kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha dogo, na rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini. Kwenye rafu hizo vipande vya sabuni vilipangwa vikikauka, kwa sababu sabuni ya maziwa ya mbuzi ikikatwa leo hutumii leo. Ukiiharakisha inakuchuna ngozi. Basi nililala na sabuni, nikaamka na sabuni, nguo zangu na nywele zangu zikanuka sabuni. Chumba cha pembeni karibu na jiko hupewa mfanyakazi, hilo kila mtu Kenya hii analijua. Lakini sabuni ile Senge aliilinda kuliko televisheni, na hakumruhusu mtu kuingia mle hata mumewe. Nikawa nalala nikijiuliza kama nimewekwa stoo au nimewekwa mahali pa thamani. Kila jibu nililopata lilikuwa na mkia.

Nilikula mezani pamoja nao, ila mimi ndiye niliyepakua na mimi ndiye niliyeondoa vyombo. Jumapili kulikuwa na ugali na kuku wa kienyeji, na firigisi, kama ilivyo kwetu, ilikwenda moja kwa moja kwenye sahani ya Mzee, mume wa Senge. Mimi Senge aliniwekea bawa. Nikaanza kuvisoma vipande vya kuku kama watu wanavyosoma magazeti. Bawa ni la nani? Nanjala alipokuja likizo ya Pasaka nilikaa macho, nikaona naye amewekewa bawa. Nilifurahi hadi nikasahau kuweka chumvi kwenye mboga. Wiki iliyofuata akaja fundi wa kuchimba choo, naye akala bawa. Na wageni walipouliza mimi ni nani, Senge alijibu neno moja siku zote, bila kubadilisha hata sauti. "Huyu ni Nekesa. Tuko naye."

Asubuhi tulikamua. Mbuzi wake walikuwa Toggenburg, wale wa kizungu wa maziwa, rangi ya kahawia na mistari myeupe usoni, wakiishi kwenye banda la mbao lililoinuliwa ili mkojo na mavi vianguke chini. Beberu alifungiwa mbali, upande wa pili wa uwanja, kwa sababu harufu yake ikimfikia jike anayekamuliwa, maziwa yanaichukua, na hakuna anayetaka kuoga akanuka beberu. Maziwa ya chai yakitolewa, yaliyobaki yaliwekwa ndani ya sufuria kwenye beseni la maji baridi barazani kabla jua halijakomaa. Hapo Senge alifunga kitambaa puani, akavaa glavu za hospitalini, akaanza kutia kostiki, ile magadi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kijiko kwa kijiko, akinong'ona, "Polepole, polepole." Ukitia kwa haraka, maziwa yanaungua, yanageuka rangi ya sukari iliyokaangwa na kunuka kama choo cha shule. Watu wengine huyeyusha kostiki kwa maji. Sisi maji yetu ya kisima yalikuwa ya chumvi, hayakubali povu hata uyaimbie, na tangi la mvua lilikuwa limekauka. Kwa hivyo mwaka ule sabuni yetu ilikuwa maziwa matupu, na mafuta ya ng'ombe kutoka buchari yaliyoyeyushwa. Kazi yangu ilikuwa kukoroga mchanganyiko kwa mwiko mpaka uwe mzito kama uji, ukiinua mwiko unaona mstari umebaki juu. Senge akiuona mstari ule alisema, "Imeshika." Wakati mwingine aliongeza, "Uko na mkono mzuri." Maneno hayo manne niliyala siku nzima.

Mama Nashipae ndiye aliyekuwa jirani yetu wa karibu, mwanamke wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi na kondoo wake nje ya ua, upande wa mbuga. Alikuja karibu kila asubuhi, akasimama kwenye uzio na kunisalimu kwa Kimaasai, akiniita mtoto, "Nakerai, takwenya." Nami nilishajifunza kuitikia, "Iko." Kisha alitazama beseni letu na kusonya. Kwake yeye tulikuwa tunafanya maajabu mawili kwa sufuria moja. Kwanza, maziwa ni ya watoto, si ya kunawia makwapa. Pili, mafuta ya mnyama aliyechinjwa hayachanganywi na maziwa. Mtu anayejiheshimu hali hata nyama na maziwa siku moja. "Mama Simiyu," alimwambia Senge siku moja, "hiyo kitu unapika, ng'ombe yako ikisikia itakauka." Senge akamjibu, "Basi iko sawa, mimi sina ng'ombe." Wakacheka wote wawili, wakanywa chai, chai yenye maziwa ambayo Mama Nashipae aliikagua kwanza kwa macho. Walibishana hivyo kila siku na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kisha ukame ukakaza. Wanaume wa Kimaasai waliswaga ng'ombe kuelekea kokote palipovumishwa kuwa na nyasi, na barabara ya Namanga ikawa na mizoga pembeni. Mbuzi wa Mama Nashipae walizaa wakiwa mifupa, wakafa na kuacha vitoto. Asubuhi moja alikuja akiwa na kitoto kimoja ndani ya shuka, jike, mwekundu mwenye madoa, kichwa kinaning'inia. Hakumwita Senge. Alinipa mimi juu ya uzio. "Jaribu," akasema. Nikakimbilia jikoni nikiwa na kitu kile kinachopumua kwa taabu, na jikoni hapakuwa na maziwa ila jagi la sabuni. Jagi lile lilikuwa la oda ya watu wa kanisa. Nilisimama nikitazama jagi, nikitazama mlango. Senge akaingia, akaona, akauliza, "Unangoja nini?" Nikasema hayo ni ya sabuni. Akachukua jagi kwa mkono wake mwenyewe, akamimina kwenye chupa ya soda, akafunga chuchu ya mpira, akanipa. "Kwani sabuni inalia?" akasema.

Kitoto kikapona. Kililala chumbani mwangu ndani ya katoni, chini ya rafu, kikatafuna pembe za sabuni za wateja, na Senge akanyamaza. Kilipoanza kuruka nikakirudisha kwenye uzio. Mama Nashipae akakishika, akakigeuza, akapiga kidole kwenye tumbo lililojaa. Kisha akatoa kisu kidogo kiunoni, akakata sikio la kushoto mkato wa alama ya boma lao, akanirudishia. "Ni yako," akasema. "Na kutoka leo usiniite Mama Nashipae. Ita mimi Pakine. Na mimi nitakuita Pakine." Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha kukata, kwamba kwao mtu akikupa mnyama, majina yenu ya zamani yanakwisha baina yenu. Aliyepeana na aliyepewa wanaitana kwa huyo mnyama. Mbuzi ni enkine, basi ni Pakine na Pakine. "Hata ikikufa?" nikauliza. "Mbuzi ndio inakufa," akasema. "Jina halikufi." Akanilazimisha nimwite palepale, kwa sauti, mpaka akaridhika. Siku ile nilirudi jikoni nikiwa na jambo moja lililo wazi maishani mwangu: kwa mwanamke wa nje ya uzio nilijua mimi ni nani.

Ndani ya uzio mambo yalizidi kuchanganyika. Jioni hiyo nilikuwa nikisugua sufuria, na ukuta wa jikoni na sebule ulikuwa na tundu ambalo fundi aliahidi kuliziba na hakuliziba. Mzee alikuwa ametoka kazini, kiwanda cha simiti huko Athi River, na alipenda kuongea wakati anavua viatu. "Hiyo mbuzi ni ya nani?" nikamsikia. "Ya Nekesa," Senge akasema. "Ya Nekesa namna gani? Mfanyakazi ukimwacha afuge kwako, siku akienda anaondoka na kundi. Na kama ni mtoto, tangu lini mtoto akaweka mbuzi kando na ya mamake?" Nikaacha kusugua. Nilingoja Senge aseme mimi ni yupi kati ya hao wawili. Kiatu kimoja kilianguka, kisha cha pili. Senge akasema, "Chakula kinapoa."

Niliyageuza maneno yale ya Mzee wiki baada ya wiki nikikoroga sabuni. Kama mbuzi ni wangu, basi mimi ni mfanyakazi. Kama mimi ni mtoto, basi mbuzi si wangu. Nilimpenda mbuzi yule, niseme tu kweli, nilimpenda kwa sababu alinifuata mpaka chooni na kulia nikikawia, lakini nilianza kumkwepa. Sikumpa jina. Kumpa jina kungekuwa kumkiri. Nikipita nilimfukuza achangamane na wengine, naye akarudi, sikio lake lenye mkato likicheza. Senge alitazama haya yote kutoka dirishani na hakuuliza. Wakati mwingine nilidhani anajua ninachowaza. Wakati mwingine nilidhani ananiona mvivu.

Mwezi wa Desemba watu wa mchumba wa Nanjala walituma habari kwamba wanakuja kujitambulisha. Nyumba ikapinduliwa, ukuta wa nyuma ukapigwa lipu hatimaye, na Mzee akasema kwa wageni kama hao lazima mbuzi achinjwe. "Kuna ile ya kienyeji," akasema. "Haitakuwa na maziwa ya maana hata ikikua." Alasiri Senge akaja chumba cha sabuni. Hakuja kupindua vipande wala kuvinusa. Alikaa kitandani pangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kitanda kikalalamika. "Nekesa," akasema, "Mzee anataka ile mbuzi yako iwe ya wageni. Nimekuja kukuuliza." Niliona mlango umefunguliwa mbele yangu na kwamba neno moja tu litanipitisha. Nikasema, "Ni ya nyumba, Senge. Chukueni."

Sikuwahi kuona uso wake hivyo, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hapati pa kuiweka. "Hapana," akasema. "Si ya nyumba. Ni yako." Akainuka, akaenda zake. Asubuhi lilichinjwa dume la Toggenburg ambalo Senge alikuwa akilinenepesha alipeleke soko la Kajiado. Nilipika, nilipakua, niliwanawisha wageni mikono kwa sabuni niliyoikoroga mwenyewe. Mama mmoja mnene wa upande wa mchumba akaniangalia akauliza, "Na huyu?" Senge hakugeuka. "Huyu ni Nekesa. Tuko naye." Nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikalia nikiwa nimeegemea rafu hadi vipande viwili vikaanguka. Nilikuwa nimetoa kitu pekee nilichokuwa nacho ili niwe wa pale, na kikarudishwa.

Januari nilipata nafasi ya chuo cha ualimu wa chekechea. Senge alinifungia vipande vya sabuni kwenye gazeti, akanisindikiza hadi langoni, akanitengeneza kola. "Mbuzi yako utaikuta," akasema. Wafanyakazi ndio huambiwa vitu vyao watavikuta, niliwaza, na nilitembea hadi barabarani bila kugeuka. Miaka iliyofuata nilirudi mara chache, na kadi ya harusi, na mtoto, na mtoto wa pili mgongoni. Nilikaribishwa sebuleni, nikapewa chai na mkate wenye siagi, nikaulizwa habari za kazi. Hakuna aliyewahi kunipeleka nyuma bandani, nami sikuuliza. Sasa nafikiri huenda alikuwa akingoja niinuke mwenyewe niende, kwa kuwa mgeni ndiye hupelekwa. Lakini hilo nalifikiri sasa. Wakati ule niliona chai tu, na kikombe cha wageni.

Nilikuwa bado nimesimama kati ya hema mbili nilipoitwa. "Pakine!" Watu waligeuka, maana sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili ulioitoa. Alikuwa amezeeka hadi amekuwa mdogo, anashikwa mkono na Nashipae, binti yake, lakini macho yalikuwa yale yale. "Pakine," nikaitikia, na nilishangaa jinsi neno lilivyokuwa mdomoni miaka yote hiyo likingoja. Hakuuliza mimi ni wa hema gani. Alinishika kiganja akanivuta nyuma ya nyumba, tukapita dirisha dogo la chumba cha sabuni, mpaka bandani. Upande mmoja walikuwa Toggenburg. Upande wa pili, palipogawanywa kwa mbao, walikuwa mbuzi wekundu wenye madoa, wakubwa kwa wadogo, wengine wakiwa na mstari mweupe usoni wa beberu wa Senge. Kila mmoja alikuwa na mkato kwenye sikio la kushoto. "Sikio ni yangu, mbuzi ni yako," Mama Nashipae akasema. "Kila ikizaa alikuwa ananiita nikuje nikate. Mimi namwambia, Mama Simiyu, huyo mtoto harudi. Yeye ananiambia, kata tu."

Nililia, ndiyo, lakini sikuwa nimeelewa. Kinyume chake, nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko siku ile ya jagi. Miaka yote hiyo aliwaweka kando. Alijenga hata ukuta wa mbao. Na sheria ya Mzee ilikuwa bado iko kichwani mwangu kama nilivyoisikia kupitia tundu la ukuta: mtoto haweki mbuzi kando na wa mamake. Ina maana alinitunzia mali yangu kama anavyotunziwa mfanyakazi mwaminifu? Au ina maana hakukubali kamwe kwamba nimeondoka? Nilishika ubao wa banda nikitamani kumuuliza, na mtu wa kuulizwa alikuwa amelala ndani ya sanduku sebuleni.

Simiyu akatokea kwenye pembe ya nyumba. Amekuwa mzee wa kitambi, shati limelowa jasho, kamba mkononi. "Nekesa! Kumbe uko huku. Tumekutafuta kwa hema."

"Hema ipi?" nikauliza.

"Hema ipi tena? Si yetu?" Alinitazama kama anayeongea na mtu mwenye homa. "Sikiza, watu hawajala. Kila mtoto anatoa mbuzi: mimi nimetoa, Nanjala ametoa, umebaki wewe. Ningekuwa nimeshachukua, lakini Mama alisema hizi tusiguse bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Ni gani?"

Niliingia bandani na viatu vyangu vya matanga. Nilimchagua dume mmoja mnono, nikamshika sikio, nikapitisha kidole kwenye ule mkato. Neno likanitoka lenyewe, lile la Desemba. "Ni ya nyumba," nikamwambia Simiyu.

"Najua ni ya nyumba," akasema kwa ukali wa mtu ambaye hajanywa hata chai tangu asubuhi, akinirushia ncha ya kamba. "Shika vizuri isikutoroke."